Malalamiko ya Mkaguzi wa Ng'ombe Aliyekaguliwa Macho

Masatu Burito,
Kiriba, nyumba inayoangalia ziwa,
Musoma Vijijini.

Kwa Mganga Mkuu,
Kliniki ya Macho (ile yenye geti la bluu),
Musoma Mjini.

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUKAGULIWA KAMA NDAMA, KUTIWA MATONE MACHONI, NA KUVUNJIWA HESHIMA HUKO BUTIAMA

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, na kichwa changu mimi kinahusika zaidi, maana ndicho chenye macho yenyewe. Natumaini u mzima, na familia yako, na ile feni ya kliniki yako inayolia kama bata.

Kabla sijalalamika ni vizuri unijue unalalamikiwa na nani. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Nimesoma mpaka darasa la saba na ningeendelea na la nane kama wangeliweka. Nalima, navua kidogo, na ninaheshimika sana. Lakini kilichonipa jina ni macho. Nilikuwaga nasimama pale mwambani Kiriba, naangalia ng'ambo ya maji Ukerewe, naona mama anamenya muhogo, namwambia jirani yangu kwamba kile kisu ni butu. Siku moja tukavuka kwenda kuuliza. Kilikuwa butu. Nimewahi pia kutazama kundi la dagaa likipita na nikamtambua mmoja mwenye huzuni. Mashahidi wapo, ingawa wengi wamekwisha kufariki.

Kwa sababu ya macho hayo, mimi ndiye ninayeshika fimbo ya ukoo wetu. Labda wewe si mtu wa Mara, basi nikueleze. Kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka kwa waoaji, upande wa binti unatuma mtu mmoja mwenye macho. Anaingia zizini, anawafungua midomo, anaangalia meno, kwato, chuchu na mkia. Asiyefaa anamruka. Anayefaa anamgusa kwa fimbo na kumsifu kwa mdomo mbele ya wazee. Akishaguswa na kusifiwa, amepita. Hakuna wa kumrudisha, awe muoaji au upande wa binti. Fimbo hiyo alikuwa nayo baba yangu, sasa ninayo mimi, na siku nikiikosa sijui watu wataniita nani.

Sasa yupo mtumishi wako, muuguzi wa macho, anaitwa Dorah Mugeta. Huyo ni mtoto wa dada yangu Nyangi, na ndiye ninayemlalamikia. Dorah amechumbiwa na kijana Nathan, mtoto wa Mzee Wanzagi wa Butiama. Ng'ombe wake, kwa haki zote za duniani na mbinguni, nilipaswa kuwakagua mimi mjomba wake. Unajua alinipigia simu akasemaje? "Mjomba, shikamoo. Ng'ombe wangu huwakagui mpaka mimi nikukague wewe kwanza. Una sukari miaka mingi, na macho hujawahi kupima hata siku moja." Akaongeza kwamba nikikataa, fimbo itaenda kwa Gody.

Gody ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaishi Kitaji, anavaa miwani ya jua mpaka kanisani. Sukari anayo kama mimi, tumeirithi kwa baba zetu pamoja na mabega mapana. Lakini Gody fimbo? Gody hajui mbele ya ng'ombe mpaka ng'ombe acheue.

Basi nikaja. Na haya ndiyo yaliyonipata mikononi mwenu.

1. Nilikaguliwa nikiwa mzima. Hili ndilo kosa la msingi. Nilimwambia Dorah kwamba naona vizuri, siumwi jicho, halitoi machozi, haliwashi. Nikamuuliza ni mtu gani anapelekaga kwa fundi baiskeli ambayo haijaharibika. Akasema kila mwenye sukari anatakiwa kuangaliwa ndani ya macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri, na hasa kama anaona vizuri. Kisha akaniuliza mbele ya wagonjwa wenzangu: "Mjomba, wewe ng'ombe aliyenona, anang'aa, anakula vizuri, kwa nini bado unamfungua mdomo?" Nikamjibu kitaalamu kwamba kung'aa kwa nje hakukuambii meno yamelika kiasi gani ndani. Akatabasamu. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, si kwa kushindwa, ila ilikuwa imelegea. Nalalamika kwamba mtumishi wenu anatumia elimu ya mgonjwa dhidi ya mgonjwa mwenyewe.

2. Ile herufi yenu ya E. Ndugu Mganga Mkuu, mmebandika ukutani herufi iliyolewa. Mara inaangalia juu, mara chini, mara imelala upande, halafu mnaniuliza mimi inaangalia wapi, kana kwamba niliilewesha mimi. Hata hivyo nilijipanga. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mkulima mmoja wa pamba kutoka Bunda, anaitwa Keraryo, mtu mwenye sauti ya kuuzia pamba mnadani. Alipokuwa anasoma nilishika yote kichwani: chini, kulia, juu, juu, kushoto. Ilipofika zamu yangu nikakaa kwenye kiti, nikanyoosha mgongo, nikasoma mstari mzima bila kusita, kwa sauti ya somo la kwanza kanisani. Watu wakageuka kuniangalia. Dorah akasema, "Hongera mjomba. Ubao wenyewe sijauwasha taa." Alipouwasha, akawa ameugeuza. Hiyo si haki. Mtihani hauwezi kubadilishwa wakati mwanafunzi ameshafaulu.

3. Ukaguzi wa mwili. Nilipimwa uzito kwenye mzani. Nilibanwa mkono kwa mpira wa presha. Nilichomwa kidole wakachukua damu ya sukari, wakaangalia namba, wakaangaliana. Nikaambiwa niweke kidevu hapa na paji la uso pale. Angalia juu. Angalia chini. Angalia sikio langu. Dorah akaninyanyua kope kwa kidole gumba hivihivi ninavyowafanyiaga mitamba. Nikasema moyoni: kimebaki kukaguliwa kwato. Ndipo akasema, "Mjomba, vua na viatu, mtu wa sukari tunamwangalia na miguu." Naapa, hata ndama anayepelekwa mnadani hupewa pumba kidogo kwa ajili ya usumbufu. Mimi sikupewa kitu.

Baada ya hapo ndipo nikatiwa matone. Nilikuwa nimeambiwa kwenye simu nije na mtu wa kunishika mkono, nije na kofia, na pikipiki niiache nyumbani, kwamba matone yanafungua mboni na kuona kunavurugika kwa saa kadhaa. Nilikuja peke yangu. Mtu mwenye macho kama yangu ndiye anayesindikizaga wenzake. Matone yalipoingia, mboni zilifunguka kama milango ya kanisa siku ya Pasaka. Kila mwanga uliokuwa Musoma ukaona mlango wazi ukaingia.

4. Namba hii nimeiacha wazi kwa ajili ya hasira zitakazonijia baadaye.

5. Picha. Nilipigwa picha ya ndani ya jicho nikaoneshwa kwenye kompyuta. Nikaona kitu cha mviringo, rangi ya chungwa, kina mito mito. Nikasema, ramani nzuri hii, Kiriba iko wapi? Dorah akasema, "Mjomba, hilo ni jicho lako kwa nyuma. Hiyo mito ni mishipa ya damu. Haya madoa mekundu ni pale inapovuja, na haya ya njano ni mabaki ya uvujaji." Mimi! Nivuje! Mtu ambaye paa lake halijavuja tangu alipoliezeka!

Akanieleza kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. Alisema sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu vimishipa vidogo vya nyuma ya jicho, na presha ikiwa juu inasaidia kuharibu, na tumbaku nayo inaweka mkono wake. Akasema haiumi, haiwashi, haitoi taarifa. Inakuja kama kiboko anavyoingiaga kwenye shamba la viazi usiku, unajua asubuhi. Ukigundulika mapema, unabaki na ulichonacho. Ukichelewa, kilichopotea hakirudi, hata wakutibu madaktari wote wa Dodoma.

Ugonjwa usiouma ni utapeli, na nashangaa serikali imeuachia. Malaria inakutetemesha. Jino linakuliza. Hata jipu lina adabu, linavimba ulione. Lakini huu unakaa nyuma ya jicho lako, mahali pekee ambapo jicho lenyewe haliwezi kuangalia! Nilimuuliza Dorah jambo moja tu: kama ni hivyo, fimbo je? Akaniambia, "Mjomba, nataka fimbo ibaki kwako. Ndiyo maana nimekuita." Kisha akageukia kompyuta, akawa anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Sikupenda. Muuguzi haruhusiwi kumtia mgonjwa uchungu wa moyo wakati mgonjwa ana matone machoni na watu watadhani analia.

6. Hapa naomba ukae chini, Ndugu Mganga Mkuu.

Nilitoka getini kwenu nikiwa na matone yenu. Jua la Musoma mnalijua. Mabati yote ya mtaa wa Nyasho yaliwaka kwa pamoja. Mlangoni mwa duka moja nikamkuta mama mrefu amesimama, amevaa kitenge cha gharama. Nikamsalimu. Kimya. Nikamsalimu tena. Kimya. Nikamuuliza kama kwao hawakumfundisha kuitikia wakubwa. Mwenye duka akatoka akaniambia, "Baba, samahani, huyo ni sanamu ya kuoneshea nguo." Nikamwambia hata kama, angalau angetingisha kichwa.

Kutoka hapo, nikiwa na matone hayohayo, nikaenda Butiama kukagua ng'ombe wa Dorah. Nilipokelewa vizuri. Wazee wamekaa, vijana wamesimama, zizi limejaa. Nikaanza kazi. Mmoja nikamruka kwa sababu ya pembe. Mwingine nikamruka kwa sababu ya tabia, alikuwa ananiangalia kwa dharau. Halafu nikamwona yeye.

Alikuwa amesimama peke yake pembeni mwa nyumba. Mweusi tii. Mnene wa kuzunguka pande zote. Hatingishi mkia, hafukuzi nzi, halii. Katika maisha yangu sijapata kuona ng'ombe aliyetulia vile. Nikamsogelea nikamgusa kwa fimbo ubavuni. Akatoa sauti nzito ya tumboni: dung! Nikawaambia wazee, huyu ameshiba. Wakati huohuo mama yake Nathan, Mama Wankyo, akaja na ndoo, akainama chini ya tumbo la yule mweusi, akafanya kitu kwa mkono mmoja, ndoo ikajaa hapohapo. Hakumfunga miguu, hakumletea ndama wa kumchokoza. Nikapandisha sauti mbele ya wote: "Ng'ombe anayejaza ndoo kabla mkamuaji hajachuchumaa, huyo apite wa kwanza! Binti yetu hatalala njaa!"

 Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, nikamsikia anapumua kwa shida nikamhurumia. Lakini Mzee Wanzagi ni mtu wa heshima, na mjomba wa binti habishiwi uani kwa waoaji. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mzee wetu umechagua. Huyo tangu tumpate hajawahi kutusumbua." Tukala mbavu. Nikarudi Kiriba naimba.

Hazikupita siku nyingi kijana Nathan akaja kwangu. Akasalimia, akala, akaangalia sakafu. "Mjomba, yule mweusi... ni tenki." Nikamwambia ni jina zuri, linamfaa kwa umbo. Akaangalia sakafu zaidi. "Mjomba, ni tenki la maji. Yale ya plastiki. Mama alikuwa anafungua koki."

Ndugu Mganga Mkuu, sasa habari imefika mpaka Kitaji. Gody ameshachonga fimbo yake. Ameipaka na mafuta. Na upande wa waoaji wamekataa kubadilisha, kwa adabu tu: wanasema mjomba aligusa, mjomba alisifu, yule mweusi ni wa Dorah. Haya yote ni matunda ya matone yenu.

7. Leza. Mliniita tena mkanipiga miale jicho la kulia. Nikaambiwa nisitikisike. Nikaona mwanga wa kijani, pa! pa! pa!, kama mpiga picha wa harusi asiye na kiasi. Mtaalamu akasema, "Mzee umetulia sana." Najua mnawaambia wote hivyo, lakini mimi aliniambia kwa maana. Nilipouliza kama sasa nitaona mpaka Kisumu, akasema hapana, kazi ya miale ni kuzuia uvujaji usiendelee, si kurudisha ujana. Yaani mtu anapigwa radi ndogondogo ndani ya jicho halafu anakatazwa kujisifu. Huo ni ukatili.

8. Vita vya jikoni. Tangu siku ile mke wangu Pelagia amekuwa tawi la kliniki yenu. Ugali wangu umepunguzwa mpaka mgeni akija anadhani ni wa kuonja. Chai naletewa imekunja uso. Mboga za majani zimeongezwa kiasi kwamba mbuzi wetu ananiangalia kama mshindani. Vidonge vya presha natolewa kama sadaka, mbele ya macho ya wote. Ugoro wangu, rafiki wa ujana wangu, umezikwa, na sijaoneshwa kaburi. Nikienda dukani kwa Yunis kununua soda, Yunis anauliza, "Ya nani?" Nikisema ya mgeni, anasema, "Mlete mgeni." Juzi kwenye harusi nilipewa sahani na mtu nisiyemjua akaipunguza wali njiani, akasema ameagizwa. Ameagizwa na nani? Nilitembea, nikala, nikatembea tena. Sasa sukari yangu imeshuka mpaka pale Dorah anapopapenda, ukungu uliokuwaga unanijia asubuhi umepungua, na mkanda wangu umetobolewa matundu mapya. Mtu wa hadhi yangu anapaswa kuonekana kutoka mbali. Nimekuwa mwembamba kama mtu wa kawaida.

9. Miwani. Hili nimelifikiria sana kama niliandike. Mmenipa miwani. Nilipofika nayo nyumbani niliangalia juu nikaona paa langu lina tundu, na siku zote Pelagia alikuwa ananiambia, nami nikimwambia ni nyota. Nikamgeukia nimjibu, nikamwona ana kidoti shavuni, karibu na mdomo. Nikamuuliza kimeanza lini. Akasema, "Masatu, kidoti hiki ndicho kilichokuleta kwetu kuposa." Nikavua miwani nikaipangusa, nikaivaa tena. Bado kilikuwepo. Nani atanilipa miaka niliyokula chakula mbele ya kidoti hicho bila kukiona? Hili nalo ni la kliniki, maana kama msingeniambia, nisingejua nimekosa nini.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa heshima na taadhima yafuatayo yatendeke haraka.

Kwanza, kliniki yako imwandikie Mzee Wanzagi wa Butiama barua yenye muhuri, kwamba siku ile macho yangu yalikuwa mazima ila yalikuwa chini ya matone ya serikali, na kwamba mtu akiwa chini ya matone hata tenki lina haki ya kuwa ng'ombe. Nakala iende kwa Gody, kwa herufi kubwa.

Pili, Dorah Mugeta ahamishwe mbali. Apelekwe mkoa ambao hana mjomba hata mmoja, ndipo ataheshimu wagonjwa.

Tatu, kupima watu wazima ambao hawaumwi kukomeshwe mkoa mzima, Musoma, Bunda na Butiama yote. Mtu aje kliniki akiwa ameshapofuka, hapo hata yeye mwenyewe hatakuwa na ubishi.

Nne, ile E ifundishwe kusimama vizuri.

Nikimaliza, nawasalimu wote hapo: mpokeaji wa getini aliyenishika mkono nisigonge mlango uliokuwa wazi, fundi wa leza, mama anayesafisha korido, na mkulima Keraryo wa Bunda kama bado yupo kwenye foleni. Pelagia anawasalimu. Mbuzi pia.

Wako katika kuona mbali,

Masatu Burito
Mwenye Fimbo (mpaka sasa)

N.B. Barua hii imekaa mezani kwa kukosa bahasha, na kwa muda huo mambo yamesogea. Pelagia ameisoma akasema tarehe hazikai. Anasema Butiama nilikwenda Kwaresima, kimyakimya, niliposikia Dorah ana mpango wa kunipima, ili nimuwahi kabla hajaniita, na matone nilitiwa baada ya Pasaka. Na kwamba siku ya matone sikufika Butiama wala popote, nililala kwa dada yangu Nyangi hapo Nyasho mpaka jua likazama. Mimi nilimwambia kwamba matone yenye nguvu yanaweza kufanya kazi kurudi nyuma. Aliniangalia tu, na kwa miwani hii namwona vizuri anavyoniangalia.

Basi niseme hivi. Mtu mwenye macho kama yangu hasahau miguu ya ng'ombe. Nikikagua leo, mwakani naweza kukwambia kwato za nyuma zilikaaje. Usiku ule nimerudi kutoka Butiama nilijaribu kukumbuka miguu ya yule mweusi nikakuta sina hata mmoja. Nililala macho wazi. Ndiyo maana Dorah aliponipigia simu sikubisha sana kama nilivyoandika huko juu.

Jana ng'ombe wa mahari wamefika hapa kwangu Kiriba. Nilikuwa nimesimama mwambani, nikawaona tangu wanapinda njia, na nyuma yao inakuja pikapu imebeba yule mweusi, wamemfunga kamba shingoni kwa heshima yangu. Ndugu Mganga Mkuu, nilimjua ni tenki akiwa bado mbali, kabla Pelagia hajajua, kabla kijiji chote hakijajua. Nikasema kwa sauti, "Lile ni tenki!" Wazee wa Butiama wakashangilia mpaka ng'ombe wakatawanyika. Mzee Wanzagi akaichukua fimbo yangu, akanirudishia mkononi mwenyewe, akasema sasa mjomba amekagua. Tenki limekaa pembeni mwa nyumba. Pelagia amelikamua jana jioni na leo asubuhi, halijampiga teke.

Kwa hiyo Dorah msimhamishe. Alhamisi nakuja kwa jicho la kushoto, na Pelagia atanishika mkono, na kofia ninayo. Nimewaambia na wenzangu wa Kiriba wenye sukari, wanakuja, hata wale wanaosema wanaona vizuri. Hao ndio muwaanze.

Na moja la mwisho. Gody alikuwepo jana. Alikuja na fimbo yake iliyopakwa mafuta, amevaa ile miwani ya jua. Watu wanacheka, yeye hakujua wanacheka nini. Akaenda akasimama karibu na yule mweusi, akampigia mluzi asogee.

Alipiga mara mbili. Watu wakaacha kucheka.

Mpangieni Gody siku moja na mimi. Nitamleta mwenyewe.